Shahidi wa Pili wa Mwezi wa Zohali

Enzi zetu, umeme ukikatika Kariakoo, mtaa mzima ulilalamika isipokuwa ua wetu. Watoto wa nyumba nyingine walisubiri urudi ndipo wapige kelele, "Umerudiii!" Sisi tulipiga kelele ukiondoka. Mama alikuwa akipapasa kibatari jikoni huku akituuliza kama tuna akili timamu, na kabla hajakipata kiberiti, mimi na Nasra tulishafika mlango wa stoo kuomba darubini itolewe. Wenzangu mliokulia mjini miaka ile ya mgao mnalikumbuka joto lile: pangaboi limesimama, mbu wanaimba sikioni, redio ya betri inakoroma kwa jirani. Nyie mnaikumbuka kama adha. Mimi naikumbuka kama sikukuu.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mtaa wa Swahili, nyumba ya korido ya zamani, vyumba kulia na kushoto, mlango wa mbele unatazama barabara na wa nyuma unatokea uani. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Awadhi, ambaye babu yake alitoka Hadhramaut. Chumba cha mbele alikifanya duka, akauza rangi, misumari na maturubai. Sisi tulikuwa wapangaji wake, familia ya Kichaga kutoka Marangu, baba akiwa na duka la jumla la mablanketi na masufuria mtaa wa pili. Nasra alikuwa binti wa Mzee Awadhi, rika langu. Mtu akimtafuta mmoja wetu aliita majina yote mawili, "Nasra! Aika!", maana alijua tupo pamoja, na pengine tumeharibu kitu.

Maisha yote yalikuwa uani. Upande mmoja jiko la pamoja, upande wa pili choo na bafu, katikati bomba la maji na kamba za kuanikia nguo. Asubuhi uliamshwa na harufu ya iliki kutoka kwenye vitumbua vya Bi Tatu, mpangaji wa chumba cha mwisho. Mchana mtori wa mama ulichemka jirani na bokoboko la mama yake Nasra, na kila mmoja alionja sufuria ya mwenzake bila kuomba ruhusa. Tukitoka shule tulicheza rede barabarani, gari likija tunasimama pembeni, likipita tunaendelea. Mdako tulicheza kizingitini mpaka vidole vikachubuka. Kombolela ilikuwa ya magharibi, na Nasra alijificha ndani ya pipa la maji ambalo kila mtu alijua ndimo alimo. Leo nawaona watoto wa jengo letu wamekaa kwenye ngazi mmoja mmoja na simu zao, wamejificha vizuri kabisa, hakuna anayewatafuta.

Darubini ililetwa na mdogo wake Mzee Awadhi, aliyefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mhandisi mmoja wa kigeni alikuwa anarudi kwao, akaona kuisafirisha ni usumbufu, akamwachia. Lilikuwa bomba jeupe, nene kiasi cha sufuria ya wali wa watu wawili, na urefu wake ulinizidi mimi wakati ule. Miguu yake ilipotea njiani. Fundi seremala wa Gerezani akaichongea miguu ya mninga mizito kiasi kwamba ilihitaji wanaume wawili kuihamisha. Unachungulia ubavuni, juu, kwa hiyo sisi watoto tulipanda kreti ya soda. Mama alichukia kitu kimoja tu: kila ikitolewa lazima kamba zake za nguo zishushwe.

Miezi minne ya Mshtarii ilionwa na kila mtu, hata baba, ambaye alipanda kreti na viatu vyake vya dukani, akachungulia, akasema "Sawa," akashuka kwenda kula. Pete ya Zohali ilikuwa habari nyingine. Mama alipoiona mara ya kwanza alikwenda mdomoni mwa bomba, akaingiza mkono, akapapasa. "Hiki kipicha mmekibandika wapi?" aliuliza. Hajaridhika mpaka leo, kama huko aliko bado anatufikiria.

Lakini pete ni rahisi. Kilichomtia Mzee Awadhi wazimu ni miezi ya Zohali, ile hafifu. Titani uliuona bila shida. Rea ulihitaji utulivu. Kisha ulikuwepo mmoja unaokaa mbali sana na wenzake, Yapeto, ambao upande wake mmoja ni mweupe na mwingine mweusi kama masizi. Ukiwa upande huu wa Zohali unatuonyesha weupe, unauona kwa taabu. Ukihamia upande wa pili unatugeuzia weusi, unapotea wiki nyingi kana kwamba haukuwahi kuwepo. Mzee Awadhi alisoma habari hizo kwenye vijitabu vilivyokuja na darubini, akafurahi mno. "Huyu Mchaga huyu," alisema mbele ya baba. "Ukifika wakati wake anafunga duka, anapanda basi, humwoni mpaka arudi mwenyewe." Baba alicheka kuliko wote, maana kweli kila Desemba tulifunga duka na kupanda basi kwenda Marangu, na Kariakoo tuliyoiacha nyuma ilikuwa mapengo matupu. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema Yapeto. Tulisema, "Mchaga wetu karudi?"

Sasa niwaeleze sheria ya ua ule, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Ilianza na Bi Tatu. Ilikuwa jioni ya mwezi ishirini na tisa Ramadhani, na Mzee Awadhi alikuwa ameenda msikitini kwa magharibi. Darubini aliiacha imeelekea machweo. Bi Tatu, aliyekuwa akijiandaa kwa lolote litakalotokea, alipanda kreti yetu, akachungulia, akaona hilali nyembamba, safi kama ukucha uliokatwa. Hakusubiri mtu. Alipita korido nzima na upawa mkononi, vigelegele juu, akatokea barabarani: "Mwezi umeandama! Nimeuona kwa macho yangu haya mawili!" Mtaa ukalipuka. Wavulana wakapiga makopo, mama yake Nasra akaloweka mchele wa pilau, na mama yangu, ambaye hakuwa Mwislamu wala hakuwa amefunga, akatoa kuku wetu wachinjwe kwa furaha ya majirani. Mzee Awadhi aliporudi mbio na kanzu ameikunja mkononi, alichungulia, akashuka taratibu. Ilikuwa Zuhura. Zuhura nayo, ukiitazama kwa darubini, kuna nyakati inapungua na kuwa hilali, jambo ambalo Bi Tatu hakuwa na sababu ya kulijua. Redio ikathibitisha baadaye kwamba mwezi haukuonekana popote. Kesho yake mtaa ulifunga siku ya thelathini huku harufu ya bizari ikiwa puani, na kila aliyempita Bi Tatu alimsalimu, "Eid Mubarak!"

Mzee Awadhi hakumgombeza. Ila tangu hapo alisema, kwenye nyumba yake hakuna mwezi utakaohesabiwa kuonekana kwa kauli ya mtu mmoja, uwe wa dunia hii, uwe wa Zohali. Mashahidi wawili. Wa kwanza anachungulia, anashuka, anamnong'oneza Mzee sikioni ameuona wapi. Wa pili anapanda bila kuambiwa neno. Naye ananong'oneza. Wakitaja mahali pamoja, Mzee anatangaza, "Umeshuhudiwa." Wakitofautiana, haukuonekana, na msinuniane. Shahidi wa pili akithubutu kuuliza "upande gani?" anaondolewa usiku huo, anakwenda kushika taa kwa mama yake.

Mahali tulipataja kwa namna yetu. Darubini ile inageuza picha, kulia kunakuwa kushoto, kwa hiyo maneno ya kawaida yalituchanganya. Tukakubaliana: ndani ya kioo, kulia kwa Zohali ni upande wa jikoni, kushoto ni upande wa choo. Mgeni angetusikia angedhani tunazungumzia nyumba.

Kumwona Mchaga kulihitaji kanga. Unajifunika kichwa na bomba pamoja, gubigubi, jasho linakutoka, hata mwanga wa kibatari cha jirani usikufikie. Kisha unafanya kinyume cha akili yako. "Usimtazame," Mzee Awadhi alituambia. "Mtazame mwenzake. Yeye atakuja pembeni." Ni kweli. Kitu hafifu ukikikodolea macho kinazimika, ukitazama kando kidogo kinajitokeza, kinasita, kinakaa. Nilikaa chini ya kanga ile mpaka shingo ikafa ganzi. Halafu akaja. Nukta ndogo, mbali, peke yake, upande wa jikoni, juu kidogo ya mstari wa pete. Nilishuka nikamnong'oneza Mzee. Nasra akapanda. Alikaa sana. Mimi chini niliogopa, maana kama Nasra asingeuona, basi mimi nilichokiona si kitu, ni jicho langu tu. Akashuka, akamwinamia baba yake sikioni. Mzee Awadhi alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Umeshuhudiwa," akasema.

Tulirukaruka mpaka tukaangusha ndoo ya Bi Tatu. Sijui kama katika maisha yangu nimepata kuwa na uhakika kama ule. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, na kote huko kuna mahali nilijiuliza kama nimeona sawasawa. Siku ile sikujiuliza.

Tulishuhudia mingi baadaye, mimi na Nasra. Tuliposhindwa kukubaliana tulibishana mpaka kesho yake njiani kwenda shule, yeye akinihakikishia kwamba nilichokiona ni nyota ya nyuma tu, mimi nikimwambia amefumba macho. Alikuwa mbishi, Mungu ampe umri. Hakuwahi kunikubalia jambo kwa ajili ya kunifurahisha.

Kisha tukakua. Mzee Awadhi alifariki, na Nasra akaolewa Maskati. Wiki ya kuondoka alinijia nilikoolewa, na mpagazi wa mkokoteni amebeba lile bomba jeupe. "Huko sina pa kuiweka, na kaka zangu wataiuza chuma chakavu," aliniambia. Nyumba haikuchukua muda nayo ikauzwa, ikavunjwa, likasimama ghorofa la vioo lenye maduka ya vifuniko vya simu kuanzia chini mpaka juu. Mimi nipo ghorofa la jirani. Duka la baba nililirithi, mume wangu ametangulia mbele ya haki, watoto mmoja yuko Dodoma na mwingine Kanada. Wananipigia Jumapili. Wanauliza nimekula nini, nawaambia, wanasema vizuri mama.

Darubini naitumia juu ya paa, katikati ya matangi ya maji na mashine za viyoyozi. Jioni nikimaliza kufunga duka napanda. Chini Kariakoo haizimiki, mabango yanabadilisha rangi, bodaboda zinapiga honi, mtu anatangaza mitumba kwa kipaza sauti chenye betri isiyochoka. Mshtarii unaonekana, pete inaonekana, Titani ukibahatika. Miezi mingine imezama kwenye mwanga. Hata umeme ukikatika siku hizi jenereta zinaunguruma kabla hujamaliza kusema "loh."

Nilijaribu kutafuta shahidi. Nilimpandisha Baraka, mlinzi wa jengo letu, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Hii ndiyo ile ya kuonea mbali?"

"Marahaba. Chungulia hapo. Uone kama kuna nukta mbali na ile sayari."

Alichungulia nusu dakika. "Nimeiona, mama."

"Wapi?"

"Palepale ulipoiona wewe."

Nilicheka, lakini moyoni niliumia. Binti anayeuza nguo mtandaoni ghorofa ya chini yangu naye alikuja, akaweka simu kwenye kioo badala ya jicho, akapiga picha yenye ukungu, akaniambia, "Bibi, mbona hii kwenye simu ipo safi kabisa? Unaandika tu jina." Akanionyesha. Kweli ilikuwa safi. Vijana wetu si wabaya, wana heshima na wana haraka, na wamelelewa kumkubalia mtu mzima. Wananikubalia kila kitu.

Mwaka huu daktari aliniambia mtoto wa jicho ameanza, macho yote mawili. Si jambo la kutisha, alisema, watu wanafanyiwa upasuaji na wanaona. Lakini tangu siku hiyo kila nukta ninayoiona naitilia shaka. Naona vidoa hata kwenye ukuta mweupe wa bafuni.

Kisha juzijuzi, mara baada ya isha, umeme ukakatika eneo kubwa, na jenereta ya jengo letu na ya ghorofa la vioo zote mbili zikagoma. Upande ule kukawa na giza ambalo sijaliona tangu utoto wangu. Nilipanda mbio kadiri magoti yangu yanavyoniruhusu. Nikajifunika kanga. Nikautazama Titani, si kwingine. Na pembeni, mbali, upande wa jikoni, nukta ikaja. Ikasita. Ikakaa.

Nilishuka kwenye kiti, nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Matangi tu. Nilihisi upweke wa ajabu, na nasema upweke kwa jina lake: si wa kukosa wa kula naye, huo nimeuzoea. Ni wa kuwa na kitu mkononi ambacho hakiwezi kuwa kweli mpaka mtu mwingine akitazame. Kama nukta ile ilikuwa Mchaga wetu, basi macho yangu bado yapo na mimi bado nipo. Kama ilikuwa mtoto wa jicho, basi hata hilo nilitaka kuambiwa na mtu anayejua.

Nikampigia Nasra. Mwanawe alimnunulia darubini ndogo ya kisasa, naye Maskati anakaa nyumba yenye paa bapa, na Zohali ni ileile.

"Nasra, shoga yangu, panda juu. Zohali. Nimeona kitu."

"Subhanallah, Aika. Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mimi sisemi neno."

Nilisikia kandambili zake kwenye ngazi, pumzi zake, mlango wa chuma. Nilisikia akihangaika na vifaa, akimlaumu mjukuu wake kwa kuvichezea. Kisha akaniambia anachungulia. Nilishika simu kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kuambiwa nimefumba macho.

"Aika," akasema. "Upande gani?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa bibi aliyepanda ngazi kwa ajili yangu baada ya chakula, na miguu inamuuma, na amesahau, au anakumbuka na hana nguvu za sheria tena. Ningeweza kumwambia acha, shuka, ukalale. Badala yake nilimwambia. "Upande wa jikoni, shoga. Mbali, juu kidogo ya pete."

"Eee," akasema mara moja. "Nauona. Nauona huo, upande wa jikoni hasa!" Akacheka kicheko chake cha zamani, akasema wallahi baba angefurahi. Tukazungumza mambo ya wajukuu mpaka salio langu likaisha.

Baadaye, nikiwa naifunika darubini, ndipo nilipokumbuka. Yake si kama yetu. Mwenyewe aliwahi kunisifia kwamba yake haigeuzi picha, kulia kunabaki kulia. Kilicho upande wa jikoni kwangu, kwake kipo upande wa choo. Alikuwa anatazama mahali ambapo hapana kitu kabisa, akiniambia anakiona.

Sijamwambia, na sitamwambia. Jana kanipigia mwenyewe kuuliza kama Mchaga wetu bado yupo, nikamjibu yupo, akasema hata yeye kamwona tena. Wenzangu wa enzi zile mnajua tulivyokuwa wakali. Mtu akisema kakiona kitu, ua mzima ulimwuliza wapi, na asipojibu vizuri alichekwa wiki nzima. Siku hizi mtu akiniambia amekiona, nashukuru, wala siulizi wapi.